Boga la Mzee Faki na Udongo Nisiouchimba

Nyie vijana wa kikundi cha bustani, mmeniomba niwaandikie habari za kazi yangu, nami nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, sina kazi. Ya pili, mgongo hauniruhusu kuwakimbia. Nimestaafu na miaka thelathini na minne. Wenzangu wakistaafu hupewa kiinua mgongo, mie mgongo wenyewe ndio umegoma kuinuka. Daktari kanionesha picha, kasema pingili mbili za huku chini zimegusana. Mie naona zimegombana, maana hata salamu hazipeani.

Elimu yangu ya skuli ya msingi basi, mtu asije akanisahihisha.

Kazi yangu ilikuwa kuchimba. Si visima, na si makaburi, ingawa makaburi nimechimba pia, nani huku kwetu hajashika jembe la kaburi. Kazi yangu ilikuwa kuufungua udongo wa makonde ya watu ili maboga yateremshe mizizi. Ukimwambia mtu hivyo pale Chake anakucheka. "Maboga? Si unatupa mbegu jaani, linaota lenyewe?" Kweli linaota. Jaani linaota vizuri kuliko kondeni kwako, na wewe ukajiulize kwa nini. Jaa halikanyagwi. Jaa lina makumbi ya nazi, lina majivu, lina maganda ya muhogo, limekaa ovyo ovyo, na hewa inapita humo kama mtu mwenye ufunguo. Konde lako umelilima kwa adabu, umelifagia majani yote kama uwanja wa nyumba, umelikanyaga ukipalilia, umelikanyaga ukimwagilia, umelikanyaga ukimwonesha shemeji yako lilivyo safi. Boga halitaki adabu, vijana. Linataka nafasi.

Aliyenifunza haya ni Mzee Faki wa Wawi, Mungu amrehemu. Nilikwenda kwake na miaka ishirini na moja, mikono mitupu, mdomo umejaa. Siku ya kwanza nikapiga jembe mpaka nikaligeuza konde zima, udongo mwekundu wa chini ukaja juu, mweusi wa juu ukenda chini. Nikasimama nangoja sifa. Mzee akalizunguka konde polepole, mikono nyuma.

"Shaame," akasema, "kanzu hii mbona umenivalisha nje ndani?"

"Si nimelima, Mzee?"

"Umelima, sikatai. Hebu njoo hapa."

Nikenda. Akanibana pua kwa vidole viwili vilivyojaa udongo, na kiganja cha pili akaniziba mdomo. Nikadhani utani, nikacheka humo ndani ya kiganja. Kisha kicheko kikaisha. Nikampiga mkono nikarukia kule, natweta.

"Mzee! Unataka kuniua?"

"Ulikaa muda gani? Hata salamu mtu hajamaliza kujibu. Na boga unalibana pua miezi minne."

Ndiyo siku niliyojua kwamba mzizi unapumua. Nilikuwa nadhani mzizi unakunywa tu, kama baadhi ya rafiki zangu.

Sasa nisikilizeni namna yake, maana nyie mnapenda video ya dakika moja na hii haiingii ndani ya dakika moja. Unachukua uma wa meno manne. Unaudidimiza mpaka shingoni, unavuta mpini kwako mpaka ardhi ipasuke na kunyanyuka kidogo, kama mkate wa kumimina unapoumuka. Halafu unautoa. Hugeuzi. Unarudi nyuma hatua moja, si mbele, usije ukakanyaga ulipokwisha kufungua. Hiyo ni ya juu. Chini yake, kiasi cha mkono mpaka kwenye kiwiko, makonde mengi ya huku yana tabaka gumu kama sakafu. Limejitengeneza kwa miaka mingi ya jembe kugota kina kilekile, na siku hizi kwa zile pawatila, trekta ndogo za kushika kwa mkono, zinazotoka mabonde ya mpunga, zinachambua juu na kushindilia chini. Pale uma hauingii. Pale panataka mtaimbo. Kila shimo la boga unapiga matobo saba ya mtaimbo, unayajaza samadi iliyooza na makumbi yaliyochambuliwa ili yasijifunge tena.

"Hizo ngazi," Mzee Faki alikuwa akisema. "Mzizi mvivu kama wewe, Shaame. Ukiuwekea ngazi utashuka. Usipouwekea utakaa barazani."

Na ukitaka kujua umefika, chukua spoki ya baiskeli, ichomeke kwa kidole gumba bila kulazimisha. Inapogota, hapo ndipo mzizi wako utakapogota. Usiniambie mzizi wako una akili kuliko spoki.

Jengine: udongo mbichi haukanyagwi. Chukua donge, lifinye. Likikaa na alama za vidole vyako, rudi nyumbani kacheze karata. Ukiukanyaga mbichi unaufinyanga chungu, jua likija linauchoma, na humo ndani ya chungu unataka boga liishi.

Nyumba ya Mzee Faki na konde lake vilishikana. Dirisha la chumbani lilikuwa linatazama mashimo ya maboga, hatua tano tu. Mkewe, Bi Mize, alikuwa akikaa dirishani anachambua mchele na kutusikiliza tukigombana. Hawakujaaliwa mtoto. Walijaaliwa boga.

Nalo halikuwa boga la kawaida. Mzee alirithi mbegu kwa mamake, na mamake kwa mamake. Ganda la kijani iliyoiva, lina mbavu, na ndani nyama kavu kama kiini cha yai la kuchemsha. Ukilipika kwa nazi halitoi maji, linakunywa tui lote halafu linakutazama. Ramadhani ikikaribia watu walikuwa wanakuja na vikapu kutoka hata Kengeja. Mzee anagawa, hana choyo. Na watu walizikausha mbegu wakapanda makwao, wakapata maboga ya maji, wakadhani amezifanyia dawa. Dawa gani? Boga linazaana na boga la jirani, halichagui. Mzee alikuwa anatoka kondeni baada ya sala ya alfajiri, anachukua ua dume anamsuguza ua jike kwa mkono, halafu anamfunga yule jike mdomo kwa utepe wa mgomba nyuki asiingie. Na mbegu za lile boga lililofungwa tu ndizo zinazoingia chupani pamoja na majivu. Wengine tuliwafundisha. Nani aamke saa hiyo kufunga maua midomo? Kwa hiyo mbegu safi zilibaki mahali pamoja duniani, ndani ya chupa ya Bi Mize, juu ya kabati la vyombo.

Mwaka mmoja Mzee aliugua, tusipande. Mwaka uliofuata, masika yalipoanza, akafariki.

Sina la kupamba hapo. Nilikuwa nimeshakaa naye miaka mitatu.

Nitakwambieni kitu kimoja tu cha matanga yale. Nyumba ilikuwa ndogo na watu wengi, na kiwanja pekee kilichokuwepo ni konde. Likafungwa turubai juu ya konde, yakatandikwa majamvi juu ya konde, wanawake wakaweka mafiga pembeni ya konde, gari ya ng'ombe ikaleta kuni mpaka katikati ya konde. Na siku zote tatu mvua ilinyesha. Nilikuwa nimeshika birika la kunawisha watu mikono, natazama miguu. Watu mia na miguu yao, wanaingia, wanatoka, wanasoma hitima, wanasimama kupeana pole. Nilikuwa nauona udongo unavyokwenda chini. Lakini nani wa kumwambia mtu aliyetoka Wete na machozi yake, samahani bwana, unalibana pua boga? Wale wote walimpenda. Konde la Mzee Faki lilishindiliwa na watu waliompenda, na mwisho wa siku ya tatu lilikuwa linang'aa kama sakafu ya saruji.

Bi Mize akaingia eda. Nyie wa siku hizi mnajua: miezi minne na siku kumi, mjane yuko ndani, hatoki. Dadake, Bi Riziki, akahamia kumhudumia. Mie nikabaki na sauti ya Bi Mize tu, nyuma ya pazia la dirisha. Baada ya wiki mbili akaniita.

"Shaame."

"Labeka Bi."

"Mvua zimepungua?"

"Zimepungua, Bi. Udongo umekauka kidogo."

Mkono wa Bi Riziki ukatokeza na ile chupa.

"Zimo ishirini na moja," Bi Mize akasema. "Zina miaka miwili humo. Masika haya yakipita haziamki tena. Zipande zote. Nimesikia watu walivyokuwa wakikanyaga, mwanangu, kwa hivyo usiende na jembe tu. Chimba kama alivyokuwa akichimba mwenyewe. Uma, kisha mtaimbo."

"Mpaka kwenye kiwiko, Bi."

"Mpaka kwenye kiwiko. Mie siwezi kutoka kukutazama."

Bi Riziki, yule ulimi wake ulikuwa wembe, akasema kwa ndani, "Dada, unampa huyu? Huyu ulimi wake ungekuwa jembe angeshalima kisiwa kizima."

"Mwache," Bi Mize akasema. "Faki alimwamini."

Asubuhi ya siku ya pili nikenda na uma. Nikaudidimiza. Ukaingia inchi mbili ukagota. Nikapanda juu yake kwa miguu miwili, nikarukaruka, ukanitupa. Jua lilikuwa linapanda. Nikapiga jembe, nikapata udongo laini kiasi cha kiganja, unapendeza, mweusi. Nikautazama mtaimbo ulioegemea ukuta. Mtaimbo ukanitazama. Matobo saba mara mashimo ishirini na moja, hesabuni wenyewe.

Na jioni ile kulikuwa na fainali ya mpira, zawadi mbuzi. Mie mlinda mlango. Wa akiba. Hata sikuwa wa kucheza, vijana. Nilikwenda kukaa benchi. Mtu mwengine angewaambia alishindwa kuipiga ardhi iliyobeba msiba wa mwalimu wake, na mie hilo nilijaribu kujiambia miaka mingi, linapendeza. Lakini ukweli ni benchi.

Nikazika mbegu zote ishirini na moja kwenye ule udongo wa kiganja, nikamwagia maji, nikatia nyasi juu. Kisha nikaita dirishani.

"Bi! Tayari."

"Umechimba, Shaame?"

"Bi, nimechimba mpaka mashetani wa chini wamenitaka nibishe hodi."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, na hata Bi Riziki akanyamaza kumsikiliza dadake akicheka. Na mie nikaondoka mwepesi, naona uongo wangu kama sadaka.

Mbegu zikaota. Zote! Ishirini na moja! Siku ya sita nimefika nakuta vichwa vimetoka kama watoto wa chuo cha Kurani wamepanga safu. Nikapiga kelele, Bi Mize akasema Alhamdulillahi mara tatu na sauti ikamkatika. Sasa hapo mseme, mngetamka nyie kwamba hamkuchimba? Mie nilikuwa nimemchekesha, sasa nimemliza kwa furaha. Ningeingilia wapi?

Lakini hapo ndipo nilipokuwa na nafasi, na hili msilipite haraka. Mche ukiwa na majani mawili mpaka manne, bado unaokolewa. Unasimama juu ya ubao ili uzito wako utawanyike, unapiga mtaimbo kuuzunguka, urefu wa mkono kutoka shinani, unajaza makumbi na samadi, na mzizi unaisikia ile hewa unaifuata. Kazi ya siku tatu. Nilikuwa na wiki mbili nzima. Kila asubuhi nilikuwa nasema kesho, na kila asubuhi ile sauti ilikuwa inauliza.

"Sabalkheri, Shaame. Wanasemaje wanangu?"

"Wanakusalimu, Bi. Wanatambaa mpaka nimewaambia kisimani wasifike."

"Wana majani makubwa?"

"Nikikukatia moja unajifunga kama kanga ya Idi."

Anacheka. Bi Riziki anasema, "Mpumbavu huyu." Siku inakwisha.

Mvua zikakatika mapema. Jua likashuka kondeni likakaa. Mwanzo majani yalikuwa yanalala saa sita na kuamka jioni, nikasema kawaida. Kisha yakawa yanalala saa nne. Kisha yakawa hayaamki. Nikawa nabeba ndoo asubuhi na jioni, namwagia kidogo kidogo juu juu, na huo ndio ujinga mwengine wa kazi hii. Ukimpa mzizi kikombe cha maji mlangoni kila siku, atashuka kisimani kwa nini? Maji yenyewe yalikuwa yanakaa juu ya ile sakafu yanachemka. Majani yakawa manjano kutoka shinani. Maua majike yakitoka yanaanguka. Moja nililisuguza na kulifunga kwa utepe wa mgomba, kama nilivyofundishwa, likawa boga la kiasi cha ngumi. Nikalitia kivuli cha makuti, nikalisomea kila dua ninayoijua.

Dirishani nilikuwa nasema, "Wazima, Bi. Jua kali kidogo tu."

"Jua si tatizo," sauti inasema, polepole. "Ukichimba, jua si tatizo."

"Ndiyo, Bi."

Siku nyengine nilikuwa napita nyuma ya nyumba nisisikie ile salamu. Mtu mzima, namkimbia mjane aliyefungiwa ndani.

Eda ikaisha. Asubuhi ile Bi Mize alioga, akavaa nguo safi, wanawake wakaja kumpa mkono. Walipoondoka akatoka uwani kwa mlango wa nyuma, Bi Riziki kamshika kiwiko. Nilikuwa kondeni. Niliona jinsi alivyopungua. Kwa miezi minne nilikuwa nazungumza na sauti ya mtu mnene.

Alisimama ukingoni. Hakukanyaga ndani, hata siku ile alikumbuka kutokanyaga. Mashina yalikuwa kamba kavu. Lile boga la ngumi lilikuwa limenyauka juu ya makuti yangu. Akaniashiria nimpe. Akalivunja kwa mikono, akatoa mbegu, akaibonyeza kwa kucha. Tupu. Akabonyeza nyengine. Ganda tu, ndani hamna kitu. Akazibonyeza zote moja moja, na sisi wawili tunamtazama.

"Ng'oa shina," akaniambia.

Nikang'oa. Halikunisumbua, lilitoka kama nywele za mgonjwa. Mzizi mkubwa ulikuwa umeshuka kiasi cha kiganja, ukagota, ukapinda kama kiwiko, ukaenda kando, ukatafuta, ukarudi, ukajizungusha wenyewe. Mzizi ule ulihangaika, vijana. Ulitafuta tobo miezi minne.

Bi Riziki akafungua mdomo. Bi Mize akamgusa mkono, akaufunga.

"Sikuchimba, Bi," nikasema.

"Najua."

"Nimekudanganya."

"Najua, Shaame. Faki akipiga mtaimbo hapa, vikombe vyangu mle kabatini vilikuwa vinagongana. Miaka thelathini. Nilikuwa namgombeza kwa ajili ya vikombe. Siku yako nilikaa kitandani, nikangoja vigongane."

Sikuwa na utani wowote. Nilitafuta, wallahi, kwa mazoea tu, kama mtu anayejipapasa mfukoni.

"Mbona hukuniambia, Bi?"

"Nikwambie nini ambacho wewe hukijui?" Akafuta mikono kwa upindo wa kanga. "Siku ya kwanza nilisema labda kachimba taratibu. Ya pili nikasema labda masikio yangu yana msiba. Kisha zikaota, nikafurahi, nikaacha kusikiliza. Nilikuwa ndani, mwanangu. Sina kitu nilichoshika ila maneno yako, na yalikuwa yananichekesha."

Akageuka, akaingia ndani kwa miguu yake. Bi Riziki akabaki ananitazama. Nilitamani atukane. Yule mwanamke aliyekuwa na tusi la kila siku ya wiki akanitazama tu, kisha akamfuata dadake.

Nilikwenda Kengeja, Mtambile, mpaka Micheweni, kila mahali nilipokumbuka mtu aliyebeba boga kwa Mzee Faki. Walinipa mbegu kwa moyo safi. Nikazipanda pembeni kwetu. Yakatoka ya maji, ya maji, ya mviringo mweupe, ya maji. Damu ya jirani imeshaingia zamani. Kilichokuwa kwenye ile chupa hakikuwa kwengine.

Kabla ya masika ya mwaka uliofuata nikarudi Wawi. Sikubisha hodi, nikachukua uma na mtaimbo ukutani nikaanza. Uma haukuingia, nikaanza na mtaimbo, tobo kwa tobo, namwaga maji kidogo usiku yalegeze, asubuhi napiga. Siku kumi na mbili. Siku ya tatu dirisha likafunguliwa. Nikasikia vikombe. Vilikuwa vinagongana kila nikipiga, vidogo vidogo, na mimi nikawa nalia huku napiga, na kwa kuwa nilikuwa natoka jasho hakuna aliyeweza kuthibitisha. Nadhani mgongo wangu ulianza kuharibika siku zile. Yaliyofuata yote, makonde ya watu kwa miaka kumi, yalimalizia tu.

Nilipomaliza, spoki ilizama yote kwa kidole kimoja. Nyambo, wale minyoo wa udongo, walikuwa wamerudi. Ukichota kwa kiganja udongo unamwagika kama mchele. Nimefanya kazi nyingi baada ya pale, na wengine mmeziona, lakini sijapata kuufungua udongo kama ule. Mzee Faki mwenyewe angenyamaza, naye alikuwa hanyamazi.

Bi Mize akatoka kutazama. Akainama, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa.

"Sasa ndiyo," akasema.

"Ndiyo, Bi."

Tukasimama. Udongo ulikuwa tayari, mvua zilikuwa zinakuja, na hatukuwa na cha kutia ndani yake. Bi Riziki ndiye aliyekwenda nyuma ya jiko akaja na fungu la vijiti vya muhogo, akavitupa miguuni kwangu.

"Usikae unalia hapo. Panda."

Nikapanda. Muhogo ulishuka chini mrefu na mnene mpaka majirani wakaja kuutazama tulipoung'oa. Bi Mize aliuchemsha kwa nazi, akaniita barazani, akanipa sahani yangu na yeye akachukua yake. Akameng'enya kipande, akakipuliza, akakila polepole.

"Mtamu," akasema.

"Alhamdulillahi, Bi."

Akaendelea kutafuna, anatazama kondeni.

"Lakini si boga, Shaame."

"Si boga, Bi."